Alama Tisini na Mbili za Shangazi Mvuke

Kwa taadhima kuu, kifua mbele na tai iliyonyooshwa, umma wote wa chumba cha kufulia cha hospitali, yaani madobi, wakunjaji, mashuka, foronya na yale magauni ya wagonjwa yasiyo na mgongo, unatangaziwa kwamba Shangazi Mvuke, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, mzazi wa binti mmoja, amefaulu mtihani wa ufahamu na sarufi ya Kiingereza kwa alama tisini na mbili kwa mia. Jambo kama hili halijapata kutokea. Hata paka wa stoo alisimamisha masikio.

Tangazo lilibandikwa mlangoni saa mbili asubuhi kwa gundi ya kutosha kubandikia paa, na Afisa Mafunzo akalisoma kwa sauti, neno baada ya neno. Madobi wakapiga makofi kwa mikono yenye povu. Shangazi Mvuke mwenyewe alikuwa amejibanza nyuma ya toroli la mashuka machafu, na moyo wake ulikuwa umeshuka mpaka ndani ya viatu.

Maana kulikuwa na jambo moja dogo ambalo tangazo halikulitaja. Shangazi Mvuke hakuwa ameelewa hata sentensi moja ya ule mtihani.

Lakini tuanzie upindoni, kwa kuwa hofu ni kama shuka la kitanda kipana: ukiishika katikati inakuzonga miguuni.

Miezi miwili nyuma, uongozi wa hospitali ulitoa habari kwamba mashine kuukuu za kufulia, zile zilizokuwa zikitetemeka kama wazee wenye homa, zitaondolewa pamoja na pasi kubwa ya mvuke. Badala yake inakuja mashine moja mpya, kubwa kama chumba cha mpangaji, inayofua, kukamua na kukausha kwa mvuke, yenye kioo kifuani cha kutolea maelekezo. Kwa Kiingereza tu. Mashine haikujua lugha nyingine wala haikuwa na mpango wa kujifunza, kwa hiyo ikaamuliwa wajifunze binadamu. Madobi wote tisa watafundishwa, watatahiniwa, atakayeongoza atakabidhiwa mashine, na watakaopata chini ya hamsini "watatazamwa upya".

Neno hilo lilileta baridi chumbani humo, pamoja na joto lote la mabomba. Mtu wa mwisho kutazamwa upya pale hospitali alikuwa mpishi mmoja, na tangu alipotazamwa hakuonekana tena.

Shangazi Mvuke aliogopa kuliko wenzake. Nyumbani walikuwa wawili, yeye na bintiye aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na sufuria yao ilitegemea mikono hiyo miwili iliyochubuliwa na sabuni. Hiyo tuseme ni hofu ya kila mtu, hata jirani anayo. Ya kwake hasa ilijificha chini ya mkono wa kushoto wa sare yake.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, angali mgeni kazini, alipangiwa ile pasi kubwa ya mvuke. Juu ya mpini wake palikuwa na kibao cha shaba chenye maandishi ya Kiingereza. Akakitazama kibao, kibao nacho kikamtazama. Akavuta mpini. Mvuke ukachomoka ubavuni ukamla kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko, ngozi ikabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Alipoulizwa, akasema aliteleza. Watu wakampachika jina la Mvuke akiwa bado na bendeji, naye akacheka nao, afanyeje? Hakumwambia mtu kwamba aliamini kibao kile kilikuwa kikimwonya, kwa herufi kubwakubwa kabisa, na yeye akasimama mbele yake kama mbuzi mbele ya gazeti. Mbuzi ana nafuu, angelila.

Tangu siku ile, karatasi yoyote ya Kiingereza ilipomjia alikuwa na jibu moja: "Nimesahau miwani." Alilisema kwa miaka minane, hadi wenzake, watu wenye huruma ya kuudhi, wakamnunulia miwani na kumvika kwa vigelegele. Dunia ikawa ukungu mtupu, maana macho yake hayakuwa na kasoro yoyote. Kuanzia hapo akaining'iniza shingoni kwa kamba, na jibu likabadilika kidogo: "Hii miwani imenizidi nguvu."

Darasa lilifanyika saa ya chakula cha mchana, ndani ya stoo ya mashuka. Wanafunzi waliketi juu ya mafurushi, ubao ukaegemezwa kwenye rafu ya foronya. Afisa Mafunzo, kijana wa tai fupi na maneno marefu, alifundisha vitenzi kwa jasho.

"Kitenzi ni roho ya sentensi!" alisema akiugonga ubao. "Mtu huyu anakwenda shule. Mtu huyu alikwenda shule. Mtu huyu atakwenda shule."

"Mwalimu," aliuliza Mzee Kamusi kutoka nyuma, "tangu Jumatatu huyu mtu anakwenda. Hafiki?"

"Mzee, huo ni mfano."

"Najua ni mfano. Nimemhurumia tu."

Mzee Kamusi alikuwa dobi mkongwe mwenye kichwa cheupe. Kabla ya kufua alikuwa mfagiaji wa maktaba kwa miaka tisa, na alisoma kila alichokifagia. Kiingereza kilimwingia kwa njia ya vumbi. Hakuwa na cheti hata cha kubandika ukutani, na alikuwa na ugonjwa mmoja mbaya: akisoma kitu, anataka kujua kinasema nini.

Shangazi Mvuke alikuwa na ugonjwa wa pili. Kidole cha Afisa kilipoanza kuzunguka kikitafuta wa kusoma, yeye aliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Maneno yalipita mbele yake kama msafara wa siafu, yakienda mahali anapoona wenzake wanapajua. Wiki ya tatu alianza kupoteza hamu ya kula.

Aliyemwokoa ni bintiye, Jumapili mchana, wakiosha vyombo.

"Mama, unajiua bure. Nani kakwambia uelewe?"

"Si ndiyo ufahamu wenyewe?"

"Ufahamu ni kuwinda, mama. Kila swali lina neno nene. Lishike hilo, panda nalo kwenye habari, lisake kama kiroboto. Ukilipata, nakili mstari wote, kutoka herufi kubwa mpaka nukta. Usiongeze, usipunguze. Msahihishaji anataka mstari wake, hana haja na roho yako."

"Na sarufi?"

"Ukiona dalili ya jana, kivike kitenzi mkia. Ya kesho, kitangulizie mlinzi wake. Basi."

"Na nisipojua maana?"

Binti akaisuuza sahani, akaigeuza kuangalia kama imetakata. "Maana haiulizwi, mama. Sisi darasa zima tunapita hivyohivyo."

Na hapa ndipo dunia ilipopata balaa lake, kwa sababu Shangazi Mvuke alikuwa na kipaji. Katika mashuka mia mbili aliweza kuona doa la damu dogo kama punje ya ulezi, tena shuka likipita mbioni. Kutafuta neno kwenye ukurasa, kumbe, ni kazi ileile ya kutafuta doa. Siku ya mtihani aliyaona madoa yote kumi kabla hajaketi sawasawa. Akanakili mistari kumi kwa mwandiko wa kistaarabu, akavika mikia, akapanga walinzi, akakunja mikono. Pembeni yake Mzee Kamusi alikuwa anaomba karatasi ya nyongeza.

Yeye akapata tisini na mbili. Mzee Kamusi akapata thelathini na moja.

Siku hiyo ya tangazo, makofi yalipokwisha, Shangazi alimfuata mzee kwenye meza ya kukunjia. Alikuwa anakunja foronya polepole, kona kwa kona, kama mtu anayefunga virago.

"Hongera, dada," alisema bila kuinua macho.

"Ahsante, Mzee. Nawe ilikuwaje? Wewe unayejua?"

"Waliuliza kwa nini yule mzee wa kwenye habari alihama nyumba. Jibu lao: kelele za majirani."

Shangazi aliukumbuka mstari ule. Ulikuwa wa tatu kutoka chini. "Si ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo alivyosema yeye mwenyewe. Lakini soma vizuri. Anaandaa vikombe viwili, anakunywa kimoja. Anabeba viti viwili, anakalia kimoja. Yule mzee kafiwa na mkewe, dada. Kelele ni kisingizio. Nikawaandikia hivyo, ukurasa na nusu. Wakanipa sifuri kwa swali hilo."

"Kafiwa?"

"Kwani wewe ulielewaje?"

Shangazi Mvuke akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mimi nilidhani ni tangazo la nyumba ya kupangisha."

Mzee Kamusi akaacha kukunja. Angecheka, ingekuwa afadhali. Alimtazama tu, kisha akatazama ukuta ambako mafundi walikuwa wameanza kubomoa nafasi ya mashine.

"Na mvuke wake ni mara tatu ya ule wa zamani," alisema taratibu. "Mungu atusitiri."

Siku kumi na mbili zilizofuata zilikuwa za mateso. Kufeli kungemwogopesha, lakini kufeli angalau kuna mwisho: unatazamwa upya, unatoweka. Kufaulu hakukuwa na mwisho. Mlinzi wa lango alimletea karatasi ya dawa ya macho amsomee. Mama wa jikoni alimletea maelekezo ya jiko la umeme. "Msomi, hebu tutupie jicho hapa," na yeye anatupa jicho, kwa kuwa jicho ndilo alilokuwa nalo, halafu anasema, "Hii ni ndefu, niachie." Kabati lake lilijaa karatasi za watu. Akilifungua, zinamwangukia miguuni.

Mashine ikaletwa. Fundi aliyekuja kuifunga alikuwa mgeni wa mbali asiyejua neno la Kiswahili. Akamweleza Shangazi kwa saa nzima kwa Kiingereza, akionyesha bomba hili, kitufe kile, akitikisa kidole kwa ukali mahali fulani, akitabasamu mahali pengine. Shangazi alimjibu kwa maneno mawili ya Kiingereza aliyoyaamini, la ndiyo na la ahsante, akiyapokezanisha. Fundi akampa mkono, akaridhika, akaondoka kesho yake kurudi kwao. Shangazi alibaki akijiuliza kidole kile kilitikiswa kwa ajili ya nini.

Akaanza kuwinda. Kitabu cha maelekezo kilikuwa na kurasa mia moja na arobaini, na kila saa ya chakula cha mchana alikaa nacho, anaweka alama za uzi wa foronya, anashika maneno manene kwa sura: hili lina tumbo, hili lina pembe mbili, hili refu limeishia na mkia. Kufikia siku ya mwisho, angeweza kuliona neno lolote kwenye kioo na kulifungua kitabuni kabla hujamaliza kupiga chafya. Alijua kila kitu kilipo. Hakujua chochote ni nini. Na mkono wa kushoto ulianza kuwasha kwenye kovu, mchana kutwa, kama unaotaka kusema.

Siku ya uzinduzi ilifika, saa nne asubuhi. Mkurugenzi wa hospitali aliingia na wajumbe wawili wa bodi, wote wakinusa sabuni kwa tahadhari. Utepe mwekundu ulikuwa umefungwa kwenye mdomo wa mashine, ukining'inia huku na huku. Mkurugenzi akapewa mkasi wa chumba cha ushonaji, mkasi butu uliotafuna mara tatu kabla utepe haujakubali kukatika. Makofi. Shangazi akapakia mashuka arobaini. Mkurugenzi, kwa ajili ya picha, akasema atafunga mlango mwenyewe. Akaubamiza kwa kishindo, akatabasamu upande wa kamera.

Shangazi akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kioo kikawaka buluu, kikafikiri, halafu kikawa chekundu. Pii. Pii. Pii. Maandishi yakajitokeza, mistari miwili, na chini yake kitufe cha kijani kikaanza kumeta.

"Inasemaje?" aliuliza Mkurugenzi.

Watu wote wakamgeukia msomi wao.

Shangazi akasogea karibu. Akakazia macho kioo. Neno nene hili hapa, lenye pembe mbili. Kitabu, uzi wa nne, ukurasa wa themanini na saba. Kidole kikatua juu ya doa. Akausoma mstari wote kwa sauti, kutoka herufi kubwa mpaka nukta, kama alivyozoea kumsikia Afisa akisoma.

Makofi. Mjumbe mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Lafudhi safi."

"Vizuri sana," alisema Mkurugenzi. "Kwa hiyo tufanye nini?"

Shangazi Mvuke akaanza kuwinda. Swali hilo halikuwa na neno nene. Halikuwa na mstari. Lilikuwa limesimama uchi katikati ya chumba, na watu wote wanalitazama.

Akausoma mstari uleule mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi. Makofi yalikuwa machache.

"Tumekusikia, Shangazi. Tufanyeje?"

Pii. Pii. Juu ya kichwa chake bomba kuu lilikuwa limeshaanza kuzomea, maana boila ilikuwa imewashwa tangu alfajiri. Aliijua sauti ile. Aliisikia mara ya mwisho miaka kumi na mmoja iliyopita, nusu dakika kabla ya kuitwa jina jipya. Aliwahesabu waliosimama mbele ya mlango wa mashine: Mkurugenzi, wajumbe wawili, Afisa Mafunzo, mpiga picha, na yeye.

"Labda mheshimiwa mwenyewe atusomee," alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba. "Kwa heshima ya siku."

Mkurugenzi akapapasa mfuko wa koti. Akapapasa wa pili. Macho yake yakakimbilia darini.

"Ningesoma," alisema, "ila nimesahau miwani."

Shangazi Mvuke akahisi nywele zikimsimama. Sentensi ile aliijua kama anavyoujua mlango wa nyumbani kwake. Aliyajua na yale mapapaso ya mfuko, na yale macho ya darini. Alikuwa ameyatumia miaka minane. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliuelewa mstari mzima, kutoka herufi kubwa mpaka nukta.

Akavua kamba shingoni. "Chukua yangu, mheshimiwa."

Mkurugenzi hakuwa na pa kukimbilia. Akaivaa. Akakodolea kioo, na dunia bila shaka ikamjia ukungu mtupu.

"Aa," alisema Mkurugenzi. "Ndiyo. Ni kama inavyosema."

"Inasemaje, mheshimiwa?"

"Inasema... tuendelee. Afisa, si ndivyo?"

Afisa Mafunzo akameza mate, tai ikapanda ikashuka. "Mheshimiwa, mimi nimebobea kwenye nyakati za vitenzi. Hiki ni Kiingereza cha mabomba."

Basi ndiyo hivyo. Watu sita mbele ya mdomo wa chuma, na hapakuwa na hata mmoja anayejua chuma kinasema nini. Hofu aliyokuwa nayo Shangazi mpaka dakika ile, ya kuumbuliwa, ya kutazamwa upya, ilisogea pembeni kama mtoto anayempisha mkubwa, na hofu yenyewe ikaingia.

"Bonyeza kijani, Shangazi," alisema Mkurugenzi, akivua miwani kwa haraka. "Kijani dunia nzima ni twende."

Mkono wa kulia ukainuka. Wa kushoto ulikuwa umekakamaa ubavuni kama kuni. Kidole kikafika karibu na kitufe, karibu kiasi cha kuona mwanga wake kwenye ukucha, kikagoma.

"Sibonyezi."

"Unasemaje?"

"Sibonyezi, mheshimiwa. Sijui imeandika nini. Hata huo mtihani sikuuelewa, niliwinda mistari tu kama kuku anayedonoa. Nitazameni upya, nitazameni hata mara mbili, lakini kwanza mwiteni Mzee Kamusi."

"Yule wa thelathini na moja?" alishangaa Afisa Mafunzo.

"Huyohuyo."

Mzee Kamusi aliitwa kutoka meza ya kukunjia. Alikuja na foronya begani, akasalimia wakubwa, akasimama mbele ya kioo. Akasoma. Akasoma tena, midomo ikichezacheza. Mkurugenzi alitazama saa. Mzee akachukua kitabu, akausoma ukurasa wa themanini na saba, halafu, jambo ambalo hakuna aliyemwomba, akafungua wa themanini na nane. Pii, pii, mashine ilikuwa inalia. Shangazi aliuma mkono wa sare asipige kelele.

"Nani amefunga mlango huu?" aliuliza Mzee Kamusi hatimaye.

Wajumbe wa bodi wakapata hamu ya kukagua sakafu.

"Kwani kuna nini?" alisema Mkurugenzi.

"Inasema kuna kitu kimebanwa mlangoni, kitolewe kwanza. Kijani ni kwa mtu aliyekwisha kukagua kwa macho yake. Ukibonyeza, mashine inakuamini, inaachia mvuke." Akakohoa kidogo. "Ungetokea hapa." Akaonyesha mwanya wa mlango. Ulikuwa sawasawa na kitambi cha Mkurugenzi.

Mzee Kamusi akabonyeza nyekundu. Pii ikakoma. Akaufungua mlango, na pale ukingoni, kimebanwa kikalainika kama ulimi wa mgonjwa, palikuwa na kipande cha utepe mwekundu.

Mkurugenzi aliuchukua, akaukunja, akautia mfukoni kama ushahidi anaokusudia kuupoteza. Kisha akafunga mlango tena, safari hii polepole kama anamfunika mtoto. Kioo kikawa buluu. Mashuka yakaanza kuzunguka. Shangazi Mvuke aliketi juu ya furushi.

Hakuna aliyetazamwa upya. Uongozi ulitoa waraka kwamba mashine itaendeshwa na watu wawili, mmoja wa kusoma na mmoja wa kubonyeza, na ukaueleza utaratibu huo kama matunda ya utafiti.

Wiki iliyofuata wabebaji walikuja kuiondoa ile pasi kuukuu ya mvuke. Shangazi Mvuke aliwasimamisha uani. Akamvuta Mzee Kamusi kwa kiwiko, akamweka mbele ya kibao cha shaba. Hakukifuta vumbi mwenyewe; alimwachia yeye.

"Nisomee," alisema. "Pole kwa pole. Usinifiche."

Mzee akafuta kwa foronya, akainama. Shangazi alishika kovu lake kwa mkono wa pili, kama mtu anayeziba masikio ya mtoto.

"Jina la kiwanda," alisema Mzee Kamusi. "Na mwaka iliotengenezwa."

"Halafu?"

"Basi."

"Haisemi usivute?"

"Haisemi chochote, dada. Bomba lilikuwa bovu tu."

Shangazi Mvuke alisimama pale mpaka wabebaji wakaanza kulalamika. Miaka kumi na mmoja amekuwa akiogopa jina la kiwanda. Alianza kucheka, na kicheko kikaja na maji ya macho, na wabebaji wakamwambia, "Mama, kama ni ukumbusho, kichukue hicho kibao twende zetu." Akawaambia waende nacho. Siku hiyohiyo, saa ya chakula cha mchana, alimfuata Mzee Kamusi na karatasi ya mtihani mkononi. Akamwambia amsomee tena yule mzee wa vikombe viwili, safari hii neno kwa neno, na akienda haraka atampiga na ndala.

Ijumaa Afisa Mafunzo alimjia na fomu ya ripoti, kalamu tayari, uso umekunjuka kwa fahari.

"Shangazi, makao makuu wamevutiwa mno. Tukio lile litakuwa mfano wa kufundishia. Hapa wanauliza: pale mbele ya kioo, ulitumia stadi gani ya ufahamu? Nikupe uchague. Kusoma kwa kupitia? Kukisia kwa muktadha? Au kung'amua maana iliyofichika?"

Shangazi Mvuke alikuwa anakagua shuka kwenye mwanga. Aliona doa, akalitupa shuka pembeni, akavuta jingine.

"Niliogopa."

"Hapana, Shangazi, hiyo si stadi. Hapa hakuna kisanduku cha kuogopa."

"Basi kichore."